Udi, Jazi na Muziki wa Chemba: Mwongozo Kamili wa Kuviunganisha Bila Kuipoteza Maqam

Wengi wanaotaka kuunganisha udi na jazi huanzia pabaya. Huweka piano, besi na drams zikipiga kordi (noti kadhaa kwa pamoja) kama kawaida, kisha humwomba mpiga udi apambe juu yake. Udi hugeuka nakshi ya kubandika, na mpigaji hujikuta anazikwepa noti zake bora kwa sababu piano haina noti hizo. Ninachokipendekeza hapa ni kinyume chake: anza na udi peke yake, sikiliza unahitaji nafasi kiasi gani, kisha ingiza ala nyingine moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa imeshajua kitu ambacho haitapiga.

Kinachotia moyo ni kwamba pande hizi tatu zina undugu wa asili. Takht, kundi dogo la Kiarabu lenye udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi ya kulazwa mapajani), nai (filimbi ya mwanzi), fidla na riq (tari dogo), ni muziki wa chemba kwa kila hali: wapigaji wachache, kila mmoja na sauti yake, wanaosikilizana bila kiongozi wa kuwapungia mikono. Na taqsim ni ubunifu wa papo hapo, jambo ambalo jazi inaliishi kila usiku. Ugumu uko kwenye noti zenyewe na namna zinavyopangwa katika maqam, mfumo wa noti wa muziki wa Kiarabu, na huko ndiko tutakakokaa muda mrefu zaidi.

Neno moja kabla ya kuanza: majina ya noti humu hayahami. Do ni C, Re ni D, na kuendelea. Kama ulijifunza kuimba kwa mtindo wa do inayohama kufuata ufunguo, iweke kando kwa sasa.

Hatua ya 1: Sikiliza waliotangulia, ukitafuta kisichopigwa

Kazi hii ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1958, Ahmed Abdul-Malik, mpiga besi aliyekuwa akifanya kazi na mpiga piano wa jazi Thelonious Monk, alirekodi Jazz Sahara akipiga udi na besi, huku Johnny Griffin akipuliza saksafoni ya tenor. Sikiliza jinsi kundi linavyokaa juu ya mdundo na noti ya chini isiyohama, bila msururu wa kordi.

Kisha msikilize Rabih Abou-Khalil wa Lebanon. Kwenye Arabian Waltz ya 1996 alikutanisha udi na Balanescu Quartet, kundi la wapigaji wanne wa ala za upinde, na sauti za chini akampa Michel Godard kwa tuba. Anouar Brahem wa Tunisia alichukua njia ya utulivu: mwaka 2002 alitoa Le pas du chat noir kwa udi, piano na akodioni tu, na mwaka 2017 akatoa Blue Maqams pamoja na Dave Holland kwenye besi, Jack DeJohnette kwenye drams na Django Bates kwenye piano. Yupo pia Hamza El Din, Mnubi, aliyepiga na Kronos Quartet, kundi jingine la ala nne za upinde, kwenye Pieces of Africa ya 1992.

Shika kalamu. Kila piano inapopiga, andika mkono wa kushoto unafanya nini, na kila inaponyamaza, andika sababu unayodhani. Daftari hilo litakufaa kuliko kitabu chochote cha nadharia.

Hatua ya 2: Zijue nyuzi na mipaka ya udi

Udi wa Kiarabu wa kawaida una nyuzi 11: jozi tano na waya mmoja wa besi. Urekebishaji unaotumika sana, kutoka chini kwenda juu, ni Do, Fa, La, Re, Sol, Do. Shingo haina vizuizi (vile vipande vya chuma vinavyoipanga shingo ya gitaa), kwa hiyo kidole kinaweza kutua popote kati ya noti mbili za piano. Sauti yake hupanda haraka risha, kipande cha kupigia nyuzi, inapogusa waya, kisha hufifia mapema.

Hapo yanatoka mambo mawili ya vitendo. Kwanza, nyuzi zinazolia wazi ndizo zinazoupa udi mwangwi wake, kwa hiyo tungo za mwanzo ziweke kwenye Do, Re au Sol. Wapuliza saksafoni watapenda Si bemoli au Mi bemoli (bemoli ni noti iliyoshushwa nusu toni), waombe wavumilie. Saksafoni huandikiwa noti tofauti na inayosikika: ya tenor ikitaka kutoa Re itasoma Mi kwenye karatasi yake, na ya alto itasoma Si, wala si tabu kwao. Pili, usimpangie mpiga udi noti ndefu za kushikilia. Noti ndefu ni kazi ya chelo, klarineti na akodioni. Udi huandika kwa nukta, wengine huchora mstari.

Hatua ya 3: Chagua maqam kwanza, wapigaji baadaye

Maqam ni zaidi ya skeli. Imejengwa kwa vipande vidogo vya noti tatu hadi tano vinavyoitwa jins, na ina njia yake ya kutembea: inapoanzia, inapopumzika, na namna inavyorudi nyumbani. Kwa ajili ya kazi hii, zigawe maqam kwenye mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni zile ambazo piano inaweza kuzifikia: Nahawand, Ajam, Kurd, Hijaz, Nikriz. Hazina robo toni, yaani noti zinazoangukia kati ya noti mbili za piano, kwenye muundo wake wa msingi. Nahawand kwenye Do iko karibu sana na skeli ndogo ya Kizungu, na Kurd kwenye Re ina ukali ambao wapiga jazi huuelewa mara moja. Hijaz nayo inawezekana, ingawa Waarabu wengi huipandisha kidogo noti ya pili na kuishusha kidogo ya tatu, ili pengo kati yao lisiwe pana kama la piano. Ushauri wangu ni kuiacha Hijaz kwa miezi ya mwanzo. Inapendeza haraka mno. Mtunzi akishaipata husahau kutunga.

Fungu la pili ni Rast, Bayati, Sikah na Saba, zenye noti zilizo katikati ya noti mbili za piano. Chukua Rast kwenye Do: noti ya tatu ni Mi nusu bemoli. Ukihesabu kwa senti, ambapo nusu toni ni senti 100, piano inakupa 300 au 400 na Rast inataka karibu 350. Nasema karibu kwa makusudi. Mi hiyo ya Rast hukaa juu kidogo kuliko Mi nusu bemoli ya Bayati, na Aleppo huiweka juu kuliko Cairo. Kongamano la Muziki wa Kiarabu lililofanyika Cairo mwaka 1932 lilibishana sana kuhusu kuigawa oktava katika sehemu 24 zilizo sawa, na sikio la mpigaji mzuri halijawahi kuikubali hesabu hiyo moja kwa moja. Kwa hiyo usimwekee mpiga fidla kipimo cha elektroniki akifuate. Mpiga udi aipige noti, fidla iifuate kwa sikio.

Ukishajua maqam yako, ndipo uwaalike watu. Kwa fungu la pili, tafuta kontrabasi (besi kubwa ya mbao isiyo na vizuizi), chelo, fidla, trombone, sauti ya binadamu. Zote hutoa noti yoyote ile. Klarineti na saksafoni hufika kwa vidole mbadala na kulegeza midomo, lakini mpulizaji apewe majuma kadhaa ya kujizoeza. Ibrahim Maalouf hutumia tarumbeta yenye vali nne, aina iliyobuniwa na baba yake, Nassim, ili kupata robo toni. Gitaa la besi lenye vizuizi libaki kwenye noti ya kwanza na ya tano.

Hatua ya 4: Mfundishe mpiga piano kordi zilizo salama

Hapa ndipo makundi mengi huvunjika. Mpiga piano hana nia mbaya. Hakuna aliyemwambia noti zipi ni za moto, yaani zile asizopaswa kuzigusa.

Tuanze na Rast kwenye Do: Do, Re, Mi nusu bemoli, Fa, Sol, La, Si nusu bemoli. Noti za moto ni mbili, Mi na Si. Piano ikipiga Mi yoyote, ile ya kawaida au ya bemoli, inagongana na udi na msikilizaji anadhani mpiga udi hajarekebisha nyuzi. Sasa angalia kordi zinazobaki. Re–Fa–La ni salama. Fa–La–Do ni salama. Lakini Do–Mi–Sol haiwezekani, wala Sol–Si–Re. Yaani kordi ya kwanza na ya tano, ambazo jazi ya kawaida huzitumia kufika nyumbani, ndizo haswa zilizofungwa. Hii ndiyo sababu mwendo wa kordi ya pili, ya tano, ya kwanza hauwezi kubeba Rast hata mpiga piano awe hodari namna gani.

Dawa yake ni kuziacha wazi. Nyumbani piga Do na Sol tu, au Do–Fa–Sol, au Do–Sol–Re zikiwa zimetandazwa mbali mbali. Mi yenyewe iachie udi. Melodia ya Rast inaposhuka, Si mara nyingi hugeuka kuwa Si bemoli kamili. Hapo mlango wa Sol–Si bemoli–Re unafunguka kwa muda, na mpiga piano anayesikiliza atauingia.

Bayati kwenye Re ni rahisi zaidi: Re, Mi nusu bemoli, Fa, Sol, La, Si bemoli, Do. Noti ya moto ni moja tu, Mi. Kordi za Re ndogo, Sol ndogo, Si bemoli kubwa na Fa kubwa zote zinakubali. Zilizokatazwa ni La ndogo na Do kubwa, kwa kuwa zote mbili zina Mi. Mwandikie mpiga piano orodha hii kwenye kipande cha karatasi akibandike mbele yake. Kwa kundi lenye piano linaloanza na robo toni, Bayati ndiyo ningeichagua.

Zaidi ya kordi, punguza mwendo wake. Wapiga jazi tayari wana mlango wa kuingilia humu: jazi ya modi, iliyopata umaarufu mwaka 1959 kupitia mpiga tarumbeta Miles Davis, ambapo rangi moja hukaa vipimo vingi (kipimo ni fungu moja la mapigo) kabla ya kubadilika. Waambie mnakwenda huko, na kwamba badala ya kordi kubadilika, jins ndiyo itakayobadilika. Katika Bayati mahali pa kugeukia ni Sol. Juu ya Sol unaweza kuweka Nahawand, ndiyo hali ya kawaida. Ukaweka Rast, melodia ikang'aa. Ukaweka Hijaz, ikaingia huzuni. Kontrabasi ikishikilia Sol wakati wa mgeuko, kundi zima litajua kwamba kuna kitu kinabadilika, na sikio la mpiga jazi litapata hamu ile ile anayoipata kordi mpya inapoingia.

Hatua ya 5: Patanisheni midundo

Mdundo wa Kiarabu hujengwa kwa dum, pigo zito, na tak, pigo kavu. Maqsum, ukiihesabu kwa nane, ina dum kwenye 1 na 5, na tak kwenye 2, 4 na 7. Nane hizo ni sawa kwa urefu. Jazi ya swing huzirefusha na kuzifupisha nane zake. Mkizipiga pamoja kwa wakati mmoja mnapata tope. Chagueni: ama mpiga drams anyooshe nane zake, ama mtenge sehemu ya swing ambayo darbuka, ngoma ya mkono ya Kiarabu, inanyamaza.

Samai thaqil, mdundo wenye mapigo kumi, ni hazina. Dum iko kwenye 1, 6 na 7. Tak iko kwenye 4 na 8. Kwa mguu inahesabika tatu, mbili, mbili, tatu. Mpiga jazi aliyezoea mapigo matano au saba ataikamata ndani ya mazoezi machache mkianza kwa kuitamka kwa mdomo.

Kuhusu drams: matoazi yanaufunika udi kuliko kitu kingine chochote jukwaani, maana yanajaza sehemu ile ile ya juu ambako risha inasikika. Brashi, nyundo laini, na ngozi za ngoma zilizopigwa kwa vidole vinatosha kwa usiku mzima.

Hatua ya 6: Waandikie wa nyuzi za upinde

Udi unakaa eneo moja na chelo na viola. Ukiwaandikia wote katikati, udi unamezwa. Fidla ziwe juu, chelo iwe chini kabisa au juu kwenye waya wake wa kwanza, na viola ipumzike mara kwa mara. Upinde ukisogezwa karibu na ubao wa vidole, sauti hulainika na risha hupata hewa. Kidonoo cha vidole kwenye fidla, yaani kudonoa nyuzi bila upinde, kitumie kwa uangalifu, kwani kinafanana mno na udi na kinachafua mapigo yake.

Lililo muhimu zaidi ni hili: usikimbilie kuandika sauti nne za kupatana. Katika takht wote hupiga melodia moja, kila mmoja akiipamba kwa njia ya ala yake; mmoja anatangulia nukta moja, mwingine anachelewa, wa tatu anaacha noti mbili. Andika melodia moja kwa wanne, toa ruhusa ya mapambo kwa wawili, na uwaombe wengine wainyooshe. Utashangaa ukubwa wa sauti unaotoka humo. Mtetemo mpana wa vidole usitumike kwenye noti za robo toni, kwa sababu unaifuta noti yenyewe. Na alama ya nusu bemoli ielezeni kwa kuimba kabla ya kuionyesha kwenye karatasi.

Hatua ya 7: Taqsim ikutane na solo

Solo ya jazi hutembea ndani ya idadi maalumu ya vipimo, kwa mfano 12 au 32. Taqsim haihesabiwi. Huanza kwenye jins ya chini, hupanda taratibu, hugusa maqam jirani, kisha hushuka na kufunga kwa qafla, kishazi cha mwisho ambacho hadhira ya Kiarabu huitikia kwa kuguna au kusema Allah.

Msiifungie taqsim kwenye hesabu. Qafla yenyewe ndiyo ishara. Mpiga udi awapigie wenzake qafla zake tatu nne mpaka wazitambue wakiwa wamefumba macho, kisha mkubaliane: qafla inayotua kwenye Re ya chini, kontrabasi inaingia, inayotua kwenye Sol, kundi linasubiri. Upande wa pili nao ujifunze. Saksafoni ikipata zamu, ianze chini kama taqsim inavyoanza, iikae jins ya kwanza kwa muda wa kutosha, isirukie noti za juu kwenye kipimo cha pili.

Hatua ya 8: Karatasi, na mfano mmoja

Usiandike majina ya kordi juu ya vipimo. Andika jina la jins na noti inayoanzia: "Bayati Re", "Rast Sol", "Hijaz Sol". Chini yake weka noti ya kushikilia, na kwenye karatasi ya piano ongeza kordi zilizo salama. Melodia ya udi iandike bila mapambo.

Tuseme una udi, kontrabasi, klarineti ya besi, chelo, piano na riq. Tumia umbo la samai, utungo wa ala wa Kiarabu: khana (sehemu) nne, na kiitikio kiitwacho taslim baada ya kila moja. Udi unafungua kwa taqsim ya Bayati kwenye Re, chelo ikishikilia Re kwa upinde mwepesi. Qafla inatua, riq na kontrabasi zinaingia kwa mapigo kumi; kontrabasi inapiga Re kwenye 1, La kwenye 6, na haipigi kitu kingine. Khana ya kwanza ni udi na klarineti ya besi kwa melodia moja. Taslim ni ya wote, na hapa ndipo piano inapoingia mara ya kwanza, kwa Re ndogo na Sol ndogo peke yake. Khana ya pili inageukia Rast kwenye Sol. Juu ya Sol, Rast huifanya Si kuwa noti ya moto mpya, kwa hiyo piano inanyamaza kabisa na chelo inachukua nafasi yake. Khana ya tatu ifungueni: mzunguko wa mapigo kumi unarudiwa kwa solo ya klarineti, kisha ya piano, ambayo itabaki Bayati na Nahawand. Khana ya nne kwa desturi huacha mapigo kumi na kwenda kwenye matatu au sita. Hapo mpeni kontrabasi uhuru wa kutembea kama jazi, kwa muda mfupi, kabla ya taslim ya mwisho.

Mazoezi yaanze kwa kuimba. Wote, pamoja na mpiga riq, waimbe jins ya Bayati kupanda na kushuka hadi Mi ya kila mmoja ikae mahali pamoja. Ndipo ala zishikwe.

Hatua ya 9: Sauti ukumbini na studio

Kubalianeni kiwango cha La mapema: makundi mengi ya nyuzi Ulaya hutumia hezi 442 (mitetemo kwa sekunde), piano nyingi ziko 440, na piano haitahama kwa ajili ya mtu. Nyuzi za nailoni hulegea kwa joto la taa, basi udi ukae ukumbini angalau nusu saa kabla ya kurekebishwa.

Bila vipaza sauti, udi uwe mbele katikati, kontrabasi ubavuni mwake, riq na drams mbali kabisa. Mkitumia maikrofoni, chagueni ndogo ya aina ya kondensa, sentimita 20 hadi 40 kutoka kwenye udi, ikielekezwa kati ya tundu na daraja. Ikitazama tundu moja kwa moja itavuma. Kinasa cha kubandika kwenye ubao hukaza sauti na kuifanya ya plastiki. Kitumike kwa kuchanganya kidogo tu pale jukwaa lina kelele. Do ya chini ya udi iko karibu na hezi 65, kwa hiyo fundi asikate besi juu ya hapo, hata akiona kontrabasi inavuma. Hilo litatuliwe na wapigaji: udi unapokwenda kwenye waya wake wa chini, kontrabasi ipande oktava moja au inyamaze mpaka udi urudi juu.